Nani Apige Magoti

Marthe akishika kichwa chako, anakisuka na hadithi. Mimi Zubeda wa Tanga nimekaa naye saluni moja hapa Yeoville, Joburg, miaka, kiti changu na chake vinagusana, na wateja walikuwa wakinipita mimi mwenye mkono mwepesi wakamsubiri yeye mwenye mkono mzito. Kisa nini? Riwaya yake moja ya Kifaransa ya zamani. Jina lake msiniulize, ulimi wangu haukupelekwa shule hiyo. Naijua kwa Kiswahili cha saluni: mjane muuza mishumaa, mji wa mvua, ana binti mmoja. Binti anatoroka na mwanajeshi, mama anafunga mlango na kuapa kwamba haufungui tena.

Rasta ndogo zinachukua nusu ya siku, na Marthe alijua kuipima riwaya na kichwa. Ukifika kisogoni binti anateseka huko aliko, ukifika utosini anarudi.

"Anafika na mvua," Marthe angesema, huku akivuta nywele mpaka nyusi za mtu zinapanda. "Anapiga magoti kwa mulango. Anasema, Mama, unihurumie. Ndiyo mama anafungua."

Hapo mtu analia, sijui ni kwa hadithi au kwa kichwa. Mimi nami nililia, nisiseme uongo. Akiulizwa alikoisoma anajibu, "Kwa masista, Bukavu," na shingo inarefuka. Wateja wote wakawa wanamwita Madame.

Sasa sikilizeni kilichokuwa ndani ya hiyo hadithi. Marthe ana mabinti wawili. Shekinah, mdogo, anasoma mambo ya maigizo chuoni Braamfontein. Murielle, mkubwa, alipendana na kijana wa Alexandra, mziba pancha, mtu mpole kabisa. Marthe akawaka. "Alexandra? Kule walikoanzia kutufukuza sisi wageni mwaka wa 2008? Tulikimbia na magodoro ku kichwa, na wewe unarudi kule kwa miguu yako?" Murielle akasema anampenda. Marthe akasema, "Toka. Siku utarudi, utarudi kwa magoti."

Murielle akatoka. Akazaa huko. Mtoto akatambaa, akatembea, akaanza kusema, bibi yake hamjui sura. Nikimwambia, "Shoga, mtoto akinyea kiganja hakikatwi, nenda ukamwone mwanao," ananijibu, "Zubeda, mutoto ndiye anarudi. Hata mu kitabu iko vile." Mimi nani nibishane na kitabu? Nikawa nanyamaza, naye akawa anakaa pale nyumbani kwake Observatory kila mvua ikinyesha, sikio mlangoni. Kusema kweli alimtamani mwanawe mpaka akakonda. Lakini alisubiri magoti.

Ndipo siku moja Shekinah akaja saluni na habari: darasa lao wanaigiza riwaya ile ile, na yeye ndiye mjane.

Lo! Mngemwona Marthe. Alialika saluni nzima, na wateja, na mama mchungaji wa kanisa lao. "Mutaenda kuona kitabu yangu," aliwaambia. Alivaa kikwembe cha harusi na kilemba kilichoziba macho ya watu wa mistari miwili nyuma. Tukakaa mbele kabisa, maana Madame hakai nyuma.

Taa zikazimwa. Vijana wale walikuwa wamebadilisha mambo, eti mji wa mvua umekuwa Joburg, mjane ana spaza, kiduka cha mtaani, na mishumaa inanunuliwa kwa sababu umeme umekatwa. Mimi nilicheka, nikaona wana akili. Marthe alisonya. "Mwanajeshi iko wapi?" akaninong'oneza. Mwanajeshi alikuwa askari wa getini, na watu wetu wenye waume wa kazi hiyo wakashangilia.

Ikafika mwisho. Shekinah amekaa kwenye kreti, mvi za unga kichwani, kanga mabegani, anatazama mlango. Marthe akanishika mkono akaubana. Tukasubiri binti apige hodi. Hakupiga hodi mtu. Shekinah akainuka polepole, akatafuta viatu vyake, akavivaa, akawasha mshumaa mmoja, akafungua mlango mwenyewe akatoka kwenda kumtafuta mwanawe. Giza.

Ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu wao, Mrundi mmoja kijana anaitwa Emery, akapanda jukwaani kuuliza kama kuna maswali. Marthe hakungoja kipaza sauti.

"Munadanganya!" Sauti hiyo ilitoka tumboni. "Mi ile kitabu nilisoma! Mutoto ndiye anarudi! Anapiga magoti, analia, ndiyo mama anafungua! Muzazi hatoki kukimbilia mutoto mwenye kumudharau. Haiko mu kitabu, na haiko mu maisha. Mumeharibu! Na wewe Shekinah, unavaa nguo zangu kunifanya kichekesho mbele ya watu?"

Kumbe ile kanga ya jukwaani ilikuwa yake kweli. Watu wakageuka. Mama mchungaji akatikisa kichwa kuunga mkono.

Emery hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akajibu kwa Kiswahili, kwa heshima zote, mikono kaikunja mbele kama mkwe. "Mama, asante. Unayosema yapo, ila yapo kwenye sinema. Kitabuni binti harudi. Mama anamsubiri mpaka anazeeka, anakufa, na majirani wanamkuta kiti chake kimeelekea mlangoni. Waliotengeneza sinema waliona watazamaji hawataweza kuondoka hivyo, wakamrudisha binti. Na wanafunzi wetu nao hawakuweza, ila wao wakamtoa mama nyumbani amfuate. Wewe mama, uliposoma, ukurasa wa mwisho uliuonaje?"

Alikuwa anauliza kweli, maskini, hakumtega. Marthe akafungua mdomo. Mtu nyuma akacheka, kicheko kidogo tu, akakizima. Marthe akabaki amesimama na kilemba chake, ukumbi mzima unamngoja, mpaka nikamvuta nguo akakaa. Mimi mwenyewe nilitazama sakafu. Ile hadithi nilishawasimulia dada zangu Tanga kwa simu, na ule mwisho nikawaapia kuwa ndio wa kitabu. Aibu iliyonishika ile wallahi sijawahi kuiona, na mimi sikuwa hata nimefungua mdomo.

Tulipotoka koridoni akaniambia, bila kunitazama. "Kitabu kilikuwa kimoja, darasa zima. Zamu yangu ikifika, karatasi za mwisho zilikuwa zimepasuka zote. Sista akatuonyesha filme yake ku shuka ya kitanda. Akasema ni kitu kimoja."

"Basi si kosa lako," nikamwambia.

"Nilisema nilisoma."

Shekinah akatufikia hapo, unga bado kichwani, machozi yamemchora mashavu. Nilidhani analia kwa kutukanwa. "Mama," akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maana mtoto huyu amezoea Kiingereza, "Murielle alikuwa nyuma. Mi nilimwita. Na mtoto. Alitaka akuje kukusalimia mwisho. Wewe ukasema vile, yeye akaenda."

Marthe akakaa pale pale kwenye ngazi, na kikwembe cha harusi. Wateja wetu walipita wakisema usiku mwema bila kumwita Madame. Mama mchungaji alipita akijifanya anatafuta kitu mkobani. Na Marthe akafunika uso kwa viganja, akasema, "Amenisikia. Alikuja mwenyewe, Zubeda, kama mu filme. Na mimi nikamufukuza tena."

Saluni hakuja. Simu hakushika. Jumapili nikamfuata Observatory, nikamkuta amevaa viatu, amesimama ndani ya mlango wake, mkono kwenye kitasa, hafungui. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Nikafungua mimi. Nikamwambia twende.

Alexandra tulielekezwa na watu kwa upole, mlango hadi mlango, hakuna aliyetufukuza. Nyumba yao ina bati la kijani na matairi mbele. Marthe akabisha.

"Nani?" Sauti ya Murielle.

Marthe, mwenye maneno ya kujaza siku nzima, hakuweza kusema Mama. Akasema, "Marthe. Wa saluni." Nikasikia kijiko kinawekwa chini. Mlango haukufunguliwa.

Hapo Marthe akashika ukuta, akashuka, akapiga magoti kwenye udongo. Yarabi! Kwetu mzazi kumpigia mwanawe magoti ni kumtafutia laana, na kwao vilevile. Nikamshika kwapani nimwinue, akanisukuma. Majirani walikuwa wameshatoka, vikombe mkononi.

Mlango ukafunguka. Murielle akamwona, akashika mdomo. "Mama! Simama. Mama, simama, watu wanaangalia."

"Waangalie," Marthe akasema. "Juzi waliniangalia zaidi."

Murielle hakusogea, hakusema ingia, hakusema ondoka. Nyuma ya sketi yake akachomoza mtoto, kijitoto cha kike chenye paji la Marthe lile lile. Akamtazama huyu bibi asiyemjua, yuko chini. Akaona ni mchezo. Akatoka, akapiga magoti mbele yake, akangoja waanze.