Siku Niliyompa Mke wa Fundi

Asubuhi hii, nikiwa Uvira kwa dada yangu, kabla hata sijanawa uso, simu imeniletea maneno ambayo sikuyaomba: siku kama ya leo, mwaka fulani, jambo fulani lilitokea mahali fulani duniani. Dada ameniona nikiigeuza simu kifudifudi mezani, akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nimemjibu kwamba ni habari za zamani tu. Lakini wewe, rafiki yangu, nitakueleza, maana chai bado iko motoni na mvua haina dalili ya kukatika.

Nilipokuwa darasa la tano, nchi yetu ikiwa bado inaitwa Zaire, tulikaa upande wa Kalundu, safu ya mwisho ya nyumba kabla ya maji. Asubuhi ilikuwa na harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilizoanikwa na ya moshi wa mama akichemsha mihogo. Nilifagia uwanja, nikaosha sufuria za jana kwa majivu na mchanga wa ziwani, kisha nikapanda njia ya shule huku mikono ikinuka samaki.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwembamba wa milimani, upande wa Rurambo, ambako wazazi wake walifuga ng'ombe. Alikuwa na kaye, daftari moja nene lenye jalada jeusi. Ndani yake kila siku ya mwaka ilikuwa na ukurasa wake, na katika kila ukurasa aliandika mambo ya dunia yaliyotokea tarehe hiyo, aliyoyatoa katika vitabu vya misioni na katika redio. Kila asubuhi, kabla ya hesabu, aliandika tarehe kwenye kona ya tablo, ubao wa darasa, na chini yake jambo moja. Tarehe 12 Aprili mtu wa kwanza aliruka hadi nje ya anga na kurudi mzima. Tarehe 9 Novemba watu wa Berlin walianza kuuvunja ukuta wao, na hilo lilikuwa bado jipya, lina mwaka mmoja tu. Lakini mengi yalikuwa ya vifo, na alikuwa na namna ya kuyasimulia iliyotufanya tuache kutikisa miguu chini ya dawati.

Alisema: "Siku haiendi popote. Inazunguka tu, inarudi na watu wake."

Tarehe 11 Novemba alituambia jinsi vita kubwa ya Wazungu ilivyokwisha siku hiyo mwaka wa 1918, lakini huku kwetu, kusini kabisa mwa ziwa hili hili, askari hawakupata habari. Waliendelea kuwindana kwa siku kadhaa katika vita ambayo haikuwapo tena. Akatuuliza, "Sasa yule aliyekufa katika zile siku, alikufa ndani ya vita gani?" Kuanzia siku hiyo, msichana niliyekaa naye dawati moja akawa anasogea ndani kila asubuhi ili kuacha nafasi ndogo pembeni. Hatukusema ni nafasi ya nani. Mwalimu aliiona na hakutukataza.

Nikirudi nyumbani saa sita, kulikuwa na mtu aliyenisubiri. Jirani yetu alikuwa mke wa fundi wa kushona. Miaka miwili nyuma, katika majira ya mvua kubwa, mume wake alipanda boti ya mbao kwenda Baraka kuchukua vitambaa, na boti ile haikufika Baraka wala haikurudi. Hakuna maiti iliyoonekana, hakuna hata ubao. Ukoo wa mume ulitaka kulia msiba na kumaliza, yeye akawakatalia. Kila walipokuja alisema maneno yale yale: "Nitamulilia siku gani? Munipe siku." Basi hakunyoa nywele kama wajane wanavyofanya, hakulala kitandani. Alitandika mkeka karibu na mlango, akaifunika cherehani ya mume kwa kikwembe, na wakati mwingine mchana, nikichambua sombe, majani ya mihogo, upande wetu wa ukuta, nilisikia kama kanyagio lake likilia mara mbili tatu. Mama alisema ni mbuzi. Jirani hakuwa na mbuzi.

Hakujua kusoma. Kwa hiyo kila mchana aliniita: "Weye, leo mwalimu aliandika nini ku tablo?" Nami nilimweleza, na mara nyingi alinipa kipande cha bugali chenye mawese. Alipenda kujua ni watu wangapi walikufa na kama walizikwa. Nilifikiri ni umbeya wa mtu mzima aliyekaa peke yake. Sasa najua alikuwa anapita siku baada ya siku, akitafuta iliyo yake.

Jumatatu tarehe 15 Aprili mwalimu aliandika kuhusu ile meli kubwa ya Waingereza iliyogonga mlima wa barafu mwaka wa 1912 ikazama na watu wake. Jioni hiyo homa ilinikamata, nikalala siku tatu. Ijumaa mama aliona nimepoa, akanituma shule. Nilifika nusu ya njia, miguu ikakataa. Nilikaa chini ya mikaratusi nyuma ya kanisa, jasho likinitoka kisha baridi, hadi nikawaona wenzangu wakishuka, nikajiunga nao kana kwamba nimesoma.

Jirani alikuwa mlangoni. "Weye, leo iko siku ya nini?"

Sikuweza kusema sikwenda shule. Angemwambia mama. Nikachukua jambo la Jumatatu nikampa kama la siku ile: meli, barafu, maji meusi, watu wengi.

"Leo?" akauliza.

"Leo, mama. Tarehe kama ya leo."

Alishika nguzo ya mlango. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Ndani ya ile meli, kulikuwa watu wenye kupiga miziki?"

Mimi sikuwa nimetaja muziki. Lakini ni kweli, mwalimu alikuwa ametuambia kwamba wapigaji waliendelea kupiga vyombo vyao wakati meli inazama. Nikamwambia ndiyo.

Jirani akaketi chini pale pale alipokuwa. "Minye nilisikia," akasema. "Ule mwaka, siku chache kisha bwana yangu kuondoka. Asubuhi, nachota maji. Miziki ikatoka mu ziwa, haiko ya kanisa, haiko ya redio. Nikauliza wenzangu, hakuna mwenye alisikia. Nikanyamaza, wasiseme nina wazimu." Aliniangalia. "Sasa umenipa siku."

Siku iliyofuata alinyoa nywele. Akawaita watu wa ukoo, wakalia msiba kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na mimi nilikuwa ndani ya nyumba yetu na kichwa chini ya shuka. Waliimba nyimbo za kanisa hadi jua likazama. Wanawake walipika maharagi katika sufuria kubwa tulizowaazima, na harufu yake iliingia kwetu, nikashindwa kula.

Wiki iliyofuata nilimwambia mwalimu. Nilimkuta peke yake akifuta tablo, nikasema yote: homa, mikaratusi, uongo wa tarehe. Hakunipiga, na hilo lilinitisha zaidi. Alifungua kaye yake, akatazama ukurasa wa tarehe 15, kisha ule wa siku nne mbele, uliokuwa na jambo dogo tu la mfalme mmoja wa Ulaya.

"Utakwenda kumwambia," akasema.

"Nitakwenda, mwalimu."

Nilikwenda. Nilimkuta amelala kitandani mwake mchana, mlango wazi, akikoroma kama mtu aliyetoka safari ndefu. Mkeka ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa ukutani. Nilisimama pale hadi nikasikia mama akiniita, nikarudi bila kumwamsha. Kesho yake sikwenda. Wala siku iliyofuata.

Mwaka uliofuata, na ule mwingine, tarehe yangu ya uongo ilipofika jirani alipika, akaita majirani, mchungaji akaomba. Kila mara nilikula maharagi yale nikiwa nimeinamisha uso.

Katika mwaka wa tatu alitokea mgeni. Ilikuwa mchana, ziwa limetulia kabisa, milima ya Burundi inaonekana ng'ambo kama imesogezwa karibu. Alikuwa mzee anayechechemea, akaulizia nyumba ya fundi. Jirani alipomkaribisha, alibaki amesimama. Alisema alikuwa ndani ya boti ile. Mashine iliwafia, wakaelea siku chache, kisha upepo ukawapindua mbali na pwani, na yeye na fundi walishikilia ubao mmoja usioweza kubeba wawili. Asubuhi fundi aliuachia. Yeye aliokotwa siku ile ile na watu wa ng'ambo, upande wa Kigoma, wakampeleka dispensari. Alikaa huko miaka yote kwa sababu ya mguu, na kwa sababu ya aibu.

Alikuwa na karatasi ya dispensari, imekunjwa hadi imepasuka kwenye mikunjo. Jirani akanituma nimwite mwalimu aje kuisoma. Mwalimu aliisoma polepole: jina la yule mzee, mguu uliovunjika, baridi ya maji. Alipofika kwenye tarehe aliyopokelewa alisimama. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlango. Akaitaja.

Ilikuwa tarehe 19 Aprili, siku ile ya nne mbele. Ile iliyonitoka mdomoni kwa sababu niliogopa kuchapwa.

Mwalimu aliniangalia juu ya karatasi, kisha akaisoma tarehe ile tena. Jirani peke yake hakushtuka. Alimwambia mgeni, "Ukae, baba. Umechoka," akaenda kuwasha moto.

Tangu hapo mwalimu hakuandika tena jambo la siku kwenye kona ya tablo. Wadogo zangu walipofika darasa lake walikuta tarehe tu, na chini yake hakuna kitu.

Jirani aliondoka kabla vita vya 1996 havijafika kwetu, akarudi kwa ndugu zake Mutarule kulima. Asubuhi alipokuwa anafunga vitu nilimsaidia kukunja vikwembe, na nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena.

"Mama, ile siku nilikudanganya. Ile meli haikuwa ya siku ile."

"Najua," akasema. "Mwalimu alikuja kuniambia, ule mwaka wa kwanza."

"Sasa kwa nini uliendelea kupika?"

Alifunga fundo, akalivuta kwa meno. "Ile siku ulifika ku mulango, nikakuuliza, ukafungua kinywa. Minye nilikuwa nakuangalia, mutoto. Sauti ilikuwa yako. Macho haikuwa yako." Akanipangusa shavu kwa kiganja kama anatoa vumbi. "Usiogope. Bwana yangu alikuwa muntu muzuri."

Safu ile ya nyumba haipo tena. Ziwa limepanda, na mahali tulipoanika ndagala sasa mitumbwi inapita. Shule wameijenga kwingine, madarasa yana madirisha ya vioo. Mwalimu alikimbilia milimani wakati wa vita na sijakutana na mtu aliyemwona akishuka. Kaye yake, nadhani, panya waliimaliza.

Nimewauliza watu wa Mutarule kuhusu jirani. Wananiambia alikufa, ndiyo, zamani, wakati watu walipokuwa wanakimbia, mahindi yakiwa mabichi. Wote wananipa msimu. Hakuna anayenipa siku.

Nami sitafuti tena. Kwa sababu kuna asubuhi nyingine, nikiwa nachuja chai au nafunga kamba ya kiatu, tarehe moja hunipanda mdomoni bila kuitwa, kama ile niliyompa jirani, nzima, na mwaka wake. Nimeibana kwa meno mpaka leo, rafiki yangu, na hata wewe sitakutajia.