Picha ya Jumanne

Jamani, nimefuta picha zote za Italia.

Tumetua Joburg leo asubuhi. Kufika nyumbani Randburg, tukakuta kina mama wa kanisa mlangoni, wameshika thermosi za chai. Eish, nikacheka: "Mmefuata zawadi?"

Nikawaonyesha picha kwenye simu: watoto wakiogelea, na ngome moja ya kale.

Wakatazama zote. "Wamependeza."

Kisha Mama Neema akanishika mkono. "Keti kwanza. Baba yako alituacha Jumanne."

Kumbe ndugu zangu huko Kakamega walikubaliana nisiambiwe nikiwa safarini.

Jumanne hiyo niliweka hapa mtandaoni picha nikila aiskrimu chini ya ngome. Kaka yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka moyo. Alikuwa mochari, na mwili wa Baba.

Nyinyi mngeniambia? Andikeni hapa chini.

Ila msiniwekee moyo.