Ulimi wa Zambarau

Mama Matone alipoona daktari mgeni anakata kona kwenye mashine ya kusaga badala ya kunyoosha na barabara, moyo ulimpiga paa. Kona ile ilikuwa na milango michache tu, na mmojawapo ulikuwa wa binti yake.

"Huku nako tunapita?" alimuuliza msimamizi wa kampeni, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Daktari ndiye anachagua nyumba, sisi tunafuata," msimamizi akajibu. "Au una mtu wako huku hutaki tumwone?"

Akacheka mwenyewe kwa utani wake. Mama Matone alipandisha mkanda wa kasha la chanjo begani, akafuata.

Jina hilo la Mama Matone alipewa na watoto wa mtaani. Hakuwa muuguzi. Shule aliishia ya msingi, akaolewa, akalea, na siku hizi alikuwa mmoja wa wanawake wanaojitolea zahanati, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kila inapokuja kampeni ya chanjo. Kazi hiyo aliiingia kwa sababu ya mdogo wake wa kiume, aliyelala mzima na kuamka mguu mmoja hausikii, enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kupita na matone. Tangu siku ile akawa mtu wa roho juu. Watoto wake aliwakuza kwa kuwapapasa, mkono kwenye paji la uso asubuhi, mkono shingoni jioni. Binti yake alizoea kusema, "Mama yangu hasalimii, anapima homa."

Safari hii wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Kirusi cha polio kilikuwa kimeonekana kwenye maji machafu ya mfereji unaopita nyuma ya mtaa. Mtoto aliyeugua hakuwepo, lakini kila mtu pale zahanati aliongeza neno "bado". Chanjo ikaja kwa ndege kutoka nchi moja, makasha ya baridi kutoka nchi nyingine, mafuta ya magari yakalipiwa na nchi ambazo Mama Matone hata hajui ziko upande gani, na watu wa wizara na zahanati wakagawana mitaa. Kila mtoto aliyepata matone alipakwa wino wa zambarau kwenye ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Halafu ndipo akaja huyu daktari mgeni, mwanamke wa makamo kutoka mbali, kukagua vidole. Mtaa ukionekana una mapengo, unarudiwa.

Nyumba ya binti yake hakupangiwa yeye. Kwenye kazi ile mtu hapangiwi ndugu zake. Alipita mwenzake, akarudi na habari njema. "Mjukuu wako tayari. Nimekuta kidole kina alama, baba yake anasema alipewa na kundi lililosimama sokoni."

Mama Matone alishusha pumzi. Lakini pumzi haikushuka yote. Mkwewe yule, fundi seremala, alikuwa ameapa. Baada ya chanjo ya mara iliyopita mtoto alichemka homa, akapelekwa zahanati, wakaambiwa dawa imekwisha, waje Jumatatu. Mtoto alipona kabla ya Jumatatu, ila baba mtu hakupona. Mama Matone alipojaribu kumgusia tena habari ya chanjo, alimjibu kwa heshima zote, macho chini, "Mama, ukinitajia tena matone, mlango huu utakuja kuusikia kwa jirani." Sasa mtu wa namna hiyo alilainikaje sokoni, tena mbele ya watu asiowajua?

Walimkuta uani, anapiga randa ubao wa kitanda. Alilamba penseli yake, ile ya mafundi inayogeuka zambarau ikipata mate, akapiga mstari, akainua kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tuna mgeni, anakagua vidole tu. Hatukai."

Binti yake akatoka ndani na mtoto kiunoni. Alimsalimia daktari, akamsalimia msimamizi, akamsalimia mama yake huku anatazama mlingoti wa kamba ya nguo. Mama Matone aliliona hilo. Binti yule tangu mdogo, akiwa na jambo, macho huyapeleka kwenye nguo zilizoanikwa.

Daktari alichuchumaa. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, kila neno linakanyaga peke yake. "Bibi mdogo, naomba kidole."

Mtoto, ambaye kwa utundu wake walimwita Mchachari, akanyoosha mkono. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa na alama.

"Safi," alisema msimamizi, tayari ameshageuka. "Twende nyumba inayofuata."

Mchachari akakirudisha kidole mdomoni, akakinyonya kama pipi. Kisha akamwona bibi yake nyuma ya kasha, akaachama kwa kicheko kikubwa.

Ulimi ulikuwa zambarau.

Wino wa kampeni hautoki kwa mate. Ungekuwa unatoka kwa mate, watoto wote wa mtaa wangekuwa na ndimi kama ile. Mama Matone alimtazama mkwewe, na yule, kwa mazoea tu, alikuwa anailamba penseli yake tena. Ulimi wa baba na ulimi wa mtoto, rangi moja.

"Huyu kashatafuna peremende," msimamizi alicheka.

Daktari hakucheka wala hakuinuka. Alimtazama mtoto, akamtazama fundi, kisha akainua macho kwa Mama Matone, akayaacha hapo. Ameona, Mama Matone aliwaza. Ameona, na ananiachia mimi.

Akisema, mkwewe ataumbuka kwenye uwanja wake, mbele ya mtu wa serikali na mtu wa nje, na mlango ule hataukanyaga tena. Mjukuu atakuwa anamwona kwa kuchungulia. Asiposema, Mchachari ataendelea kucheza pale nyuma, ambako mfereji unapita na mipira ya watoto hutumbukia kila siku. Akauona mguu wa mdogo wake, mwembamba kama mpini wa jembe. Akapiga moyo konde.

"Baba," alisema polepole, "naomba maji kidogo na sabuni."

"Ya nini, mama?"

"Nimnawishe mjukuu wangu kidole."

Randa ikasimama. Msimamizi akageuka. Binti akasema kwa sauti ndogo, "Baba Mchachari, basi. Nilikwambia mimi."

"Uliniambia nini?" Fundi alitupa randa juu ya ubao. "Haya, nimempaka mimi! Kwa penseli yangu, kwa mwanangu, kwenye nyumba yangu. Nimemkosea nani?"

"Unajua kudanganya kampeni ya taifa ni kosa?" msimamizi akaja juu. "Naweza kukuitia mwenyekiti sasa hivi!"

"Muite! Muite na yule wa 'njoo Jumatatu', waje pamoja!"

Daktari aliinua kiganja, na msimamizi akanyamaza shingo upande. "Jumatatu gani?" daktari aliuliza. "Niambie."

Fundi alimweleza, mwanzo kwa hasira, kisha sauti ikaanza kumkatika. Mtoto anavyochemka mikononi. Dirisha la dawa linavyofungwa. "Kwa matone mawili mnaleta magari, mnaleta barafu, mnavuka na bahari. Mtoto wangu kupata homa, hamna hata kidonge. Nyinyi shida yenu ni polio. Yangu mimi ni mtoto."

Daktari aliinuka kutoka alipochuchumaa.

"Matone haya kwa kawaida hayaleti homa," alisema. "Huenda ilikuwa kitu kingine. Huenda. Sikuwepo. Na dawa ya homa leo pia sina, siwezi kukudanganya. Nimekuja na hiki tu."

"Huenda," fundi akarudia. "Nyinyi mkishapanda gari, hiyo huenda naachiwa mimi hapa."

Mchachari, kwa kuona watu wazima wamenuna, akaanza kulia. Mama Matone alitua kasha chini.

"Utaachiwa pamoja na mimi," alisema.

"Vipi?"

"Nampa mimi kwa mkono wangu, na nabaki hapa. Leo, kesho, mpaka wewe mwenyewe useme mama nenda. Akichemka, nambeba mimi, na hilo dirisha nitaligonga mpaka lifunguke au livunjike."

"Haiwezekani," msimamizi alidakia. "Una mtaa mzima umebaki. Kasha atabeba nani?"

Daktari alikwisha kuushika mkanda. "Kasha nitabeba mimi," alisema.

Fundi alimtazama mkwewe kwa kitambo. Alikuwa anamtafuta kwenye uso huo mtu wa kampeni, akawa anamkosa. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la maji na kipande cha sabuni, akavitua miguuni pa Mama Matone.

Kidole kikaoshwa, maji ya kopo yakawa zambarau. Mama Matone alitoa kichupa kwenye kasha, akamwinua mtoto kidevu. Matone mawili. Mchachari alikunja uso, akameza. Wino wa kweli ukapakwa. Daktari akaenda na kasha, mkanda umemkaa vibaya begani, na msimamizi nyuma yake anabwata kuhusu utaratibu.

Mchana huo ulikuwa mrefu. Mtoto alilala, na Mama Matone alikaa juu ya benchi lisilopigwa msasa, mkono kwenye paji. Kila alipousogeza mkono, randa uani ilinyamaza.

"Vipi?" fundi aliuliza mlangoni.

"Ana joto la usingizi."

"Una hakika?"

Angeweza kusema ndiyo. "Sina," alijibu. "Njoo umshike na wewe."

Alikuja, akafuta vumbi la mbao kwenye suruali, akaweka kiganja pembeni ya kiganja cha mkwewe. Wakakaa hivyo wawili, hawatazamani, wanasikiliza pumzi ya mtoto. Binti aliwachungulia kutoka jikoni, akarudi kwenye uji wake. Joto lilipanda kidogo, au chumba ndicho kilichokuwa na joto. Mama Matone alijishika paji lake mwenyewe alinganishe, akakuta lake ndilo linalochemka.

Jua lilipoanza kulegea Mchachari aliamka kwa kelele, akaukataa uji, akaupokea, akaumwaga nusu, kisha akaparamia bega la baba yake na kuichomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio. Shingo yake ilikuwa baridi kama ya mtoto yeyote anayetafuta kichapo.

Fundi alimnyang'anya penseli, akaichomeka juu kwenye boriti, mbali na mikono. Halafu akakishika kile kidole kidogo, akakisugua kwa dole gumba lake. Akatia mate. Akasugua tena.

"Hii yenu haitoki."

"Mpaka ukucha mpya uote."

Aliguna. Ilikuwa karibu na kicheko, lakini haikufika. "Mama, utalala upande gani?"

"Karibu na mtoto."

"Hilo najua. Nauliza kitanda. Kile cha mteja nimeshakiunga, kimebaki kupakwa rangi tu. Mteja asubiri Jumatatu."

Mama Matone alicheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akaunyoosha mkono, taratibu, akapapasa tena paji la mjukuu wake.