Nilivyotafuta font ya kibao cha MANDAZI pale Chepseon

Wakuu, salamu kutoka huku kwenye majani chai. Hii sijaiongeza chumvi. Anayepita Chepseon atakiona kibao mwenyewe.

Mimi nafanya graphics na mabango hapa Kericho. Juzi nikaitwa na Mama Chebet, mwenye hoteli ndogo ya mbao pale sokoni.

Kibao chake kilikuwa mbao mbili: KARIBU CHAI NA juu, MANDAZI chini. Upepo uling'oa ile ya chini, na kabla hajajua, mtu alikuwa ameshaipasua kuni.

Marehemu mume wake ndiye aliyekiandika kwa mkono. Watoto walitaka banner mpya yenye picha ya kikombe. Mama akawaambia wangoje. Nikishindwa kufananisha maandishi, basi mbao ya mzee iteremshwe, banner iwekwe.

Kazi hiyo ilinishika moyo. MANDAZI ndilo neno la kwanza nililosoma maishani. Marehemu mama yangu akishapeleka majani buying centre, pale chai inapopimwa, tulipitia hapo kwa Mama Chebet, na hanunui mandazi mpaka nilisome neno lote. Njaa ni mwalimu mkali, wakuu.

Nikapiga picha, nikaweka kwa app za kutambua font. Kila moja ikaja na jina lake. Zote uongo, maana mzee hakuwa na font, alikuwa na brashi.

Nikachukua iliyokaribia, nikainenepesha miguu. A, N na I nikazitoa mbao ya juu. D nikaichonga kutoka kwa B. M nikaipata kwa mkebe wa maziwa, mzee alikokuwa ameandika jina lake. Z nikalaza N tu, ujanja wetu wa kawaida.

Mama aliangalia simu yangu, akarudi kukanda unga. Nikajua nimefeli.

Halafu akatandaza unga mkavu mezani, akachora kwa kidole.

"Mbao ilimwishia," akasema. "Hiyo I akaikalisha hapa, juu ya mkia wa Z."

Wakuu, nilikuwa nimesahau kabisa! Utotoni nilidhani hiyo I ni mtoto amebebwa mgongoni. Nikamkumbuka mama yangu na kikapu chake cha majani mgongoni, machozi yakanilenga.

Nikapiga picha ule unga, nikatrace Z ya kidole chake, nikakata stencil ya kupakia rangi. Mbao mpya ilikuwa ndefu, nikaikata ili nafasi iishe tena.

Tulipokipandisha, Mama alisimama ng'ambo ya barabara akakitazama muda mrefu. Banner sijasikia ikitajwa tena.

Akanitolea mandazi moto. Niliponyoosha mkono, akavuta sahani nyuma.

"Mama yako hangekupa hivyo. Soma kwanza."

Nikasoma. Lote, mpaka ile I iliyobebwa na Z.

Funzo langu: kabla ya kuuliza app, uliza aliyekaa chini ya maandishi hayo miaka yote.

Na wewe, ulijifunzia kusoma kwa kibao gani, na bado kipo? Tuambiane hapa chini.