Sauti za Mama Koku nilizozitoa kwenye repo

Leo app yetu imeongea kwa mdomo wa mtu.

Mimi na mwenzangu Jovin tunatengeneza app ya wakulima wa kahawa. Ukibonyeza kitufe, inakuelekeza kazi ya shamba kwa Kinyambo, lugha ya huku kwetu. Sauti ni ya jirani yangu hapa Nyaishozi, Mama Koku.

Jovin alitaka mafaili ya sauti yakae kwenye repo, ghala letu la mtandaoni, pamoja na code, yaani maandishi yanayoiendesha app. Mimi nikasema repo ni ya maandishi. Sauti zinaijaza, na kila anayeishusha anamaliza bando.

Mtaamua wenyewe nani alikuwa sahihi.

Jana nikashinda ubishi. Nikazitoa zote, nikazihamishia kwenye laptop ya nyumbani. Nikajisifu kwenye grupu.

Leo tupo Rugu, mbele ya wakulima. App tumeiweka kwenye simu kutoka kwenye repo hiyohiyo.

Mzee mmoja akabonyeza "Kuanika".

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Jovin ananiangalia mimi. Mimi naangalia migomba.

Mama Koku, tuliyekuja naye kama mgeni wetu, akajibu kutoka benchi la nyuma. Kinyambo kilekile, sauti ileile: kahawa isianikwe chini, tandika turubai.

Mzee akabonyeza "Kuvuna". Mama Koku akajibu.

Wamebonyeza vitufe vyote. Hajakwama hata kwa kimoja. Watu wamepiga makofi.

Nikauliza kama kuna swali. Yule mzee akanyoosha mkono.

"App ni nzuri, mwanangu. Sasa tukishaichukua, huyu mama atalala kwa nani?"