Sitaki Kuiva

Leo asubuhi, nikimenya yai la kuchemsha, harufu yake ilinirudisha kwenye maji ya moto ya kando ya ziwa, mwendo mfupi kutoka Gisenyi. Nikiwa mtoto, tulikwenda huko na bibi, aliyesumbuliwa na magoti, na tantine, mdogo wake mama. Kwanza tantine alifunga viazi katika kitambaa, akavitumbukiza pale maji yanapotoka ardhini yakitokota. Vilipoiva akavibonyeza kwa kidole, akaridhika. Kisha akanivua shati.

“Ingia basi, bibi iko nakungoja.”

Tayari nilikuwa nimeanza kujiona msomi, na hoja ilikuwa wazi: kiazi kimeingia kigumu, kimetoka laini. Hakuna aliyenieleza kwamba pale alipoketi bibi, maji ya ziwa huyapoza yale ya moto. Nikakumbatia jiwe, nikalia.

“Mi sitaki kuiva!”

“Bon,” akasema tantine, “viazi ilinyamaza mu maji, we unapiga makelele.” Akaninyanyua, akaniweka mapajani mwa bibi.

Maji yalikuwa na joto la blanketi la alfajiri. Bibi alinyoosha magoti, akashusha pumzi ndefu, nami nikashusha yangu. Nilipotoka, tantine alinibonyeza shavu kwa kidole kile kile, akatikisa kichwa, akamgeukia bibi.

“Mama, huyu iko mubichi bado. Tumurudishe.”

Nilirudi mwenyewe, mbio, kiazi mkononi.