Araba na Mtaro wa Bondeni

Wanawake wa bondeni walimtuma Araba mkutanoni kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa mkaushaji wa samaki kwa moshi kama wao, katika mji wa Sekondi, lakini yeye aliweza kubishana na dereva wa lori, na karani, hata na mchungaji, na bado akawaacha wanacheka. Halmashauri ilikuwa imeutengea mtaa fungu la maendeleo, wakazi wenyewe waamue la kufanya. Wa bondeni walitaka mtaro wao ujengwe kwa zege. Wa barabarani walitaka taa.

"Sisi hatuwezi kuacha samaki waungue," alisema Ekuwa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Nenda wewe, mdomo wetu. Usiwaonee haya."

Mkutanoni Araba alipewa kiti cha mbele. Mwenyekiti, Bwana Essilfie, akaeleza habari za taa: zingeanzia kituo cha magari, pale pale Araba alipouza samaki jioni kwa mwanga wa kibatari. Akaiona meza yake iking'aa, wateja wamejaa. Alipoulizwa bondeni wanasemaje, akajibu, "Bondeni wanashukuru." Mikono ya taa ilipoinuliwa, na wake ulikuwamo.

Akarudi akawaambia wenzake, "Nimesema mpaka koo limekauka. Wametuzidi."

"Pole, dada," wakasema, wala hakuna aliyeuliza zaidi.

Mvua za Juni zikaja. Mtaro ukafurika, ukaangusha ukuta wa Ekuwa, na majiko yake ya udongo yakayeyuka kama uji. Siku ya kuzoa tope Araba alijituma kuliko wote. Ekuwa akamletea dokono, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, likiwa la moto na pilipili.

"Kula, mwenzangu. Wangekusikiliza wewe, haya yasingetukuta."

Araba akala mpaka akamaliza. Akamwazima Ekuwa jiko lake, na kila asante ya Ekuwa ikawa kama kofi. Jioni, chini ya taa, biashara ilimnyookea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa akirudi nyumbani hana hamu hata ya kusalimiwa.

Mwaka uliofuata mkutano ukaitishwa tena. Ekuwa akaja mlangoni. "Mdomo wetu, jiandae."

"Msinitume."

"Unaringa siku hizi?"

"Mwaka jana sikuwasemea. Nilinyoosha mkono wa taa."

Ekuwa alicheka, akidhani utani. Alipomtazama usoni, akaacha.

"Ukuta wangu ulipoanguka, ulijua?"

"Nilijua."

"Na chakula changu ukala."

"Nilikula."

Ekuwa akajifunga kitenge vizuri, akatoka bila kuaga.

Siku ya mkutano wanawake wa bondeni walizima moto, wakapanda wote mkutanoni na moshi wao nguoni. Kila mmoja alisema kwa kinywa chake. Ekuwa, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu, alisema, akakosea, akarudia, mpaka Bwana Essilfie akaweka kalamu chini akamsikiliza. Mtaro ukapita. Araba alikuwa amekaa nyuma kabisa. Aliinua mkono pamoja nao, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Zege lilipoanza kumwagwa, alibeba kokoto kutwa nzima. Wanawake walipokezana kupumzika, wakiitana kwa majina kwenda kunywa maji. Yeye hakuitwa, na hakutegemea kuitwa. Ekuwa alimpisha njia tu, akasema, "Angalia mguu, hapo panateleza."